Komeo la Bunduki ya Moshi

Baba Neema,

Tangu Aprili mpaka Agosti sikusema na wewe hata neno moja. Nilikuja makaburini na Neema, nikang'oa majani, nikamwagilia maua, nikaondoka. Mchungaji alidhani ni majonzi. Ilikuwa hasira, na chini ya hasira ilikuwepo hofu ambayo sikumwambia mtu. Sasa imekwisha. Nimeona si haki mtu anuniwe miezi minne halafu asielezwe sababu, ndiyo maana nimekaa hapa mezani jikoni. Neema yuko shule, mimi leo sina zamu kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nianze na bunduki zako, maana yote yametokana nazo.

Unaikumbuka ile ya kwanza. Tulikuwa ndiyo kwanza tumepata fleti hapa Sweden, mtaa wa Bredäng, wewe umemaliza mafunzo uliyoletwa kusomea, na kiwanda kimekuomba ubaki kwenye mashine za kukereza vyuma. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ulikwenda Södermalm kwa wauza vitu vya zamani kutafuta kitanda cha mtoto, ukarudi na bunduki ndefu ya Kijerumani umeiviringisha kwenye magazeti. Nilikuuliza kama mtoto atalala juu ya hiyo. Ukacheka, ukanionyesha mtutu ulivyozibwa kwa chuma kilichochomelewa, ukaniambia ni ya vita vile vya kwanza na haiwezi tena kupiga hata panzi. Ulisema, "Hii ni maiti, mke wangu. Haiumi."

Kitanda ulikileta Jumamosi iliyofuata, pamoja na bunduki nyingine.

Zikafika nane. Ukazitundika ukutani kwenye kile chumba kidogo, juu kuliko mkono wa mtoto, ya Kijerumani, ya Kiingereza, ya Kirusi, ya Kifini, na chini ya kila moja ukaandika ilikotengenezwa. Wageni wetu Watanzania na Wakenya walipokuja kula, wanaume walikufuata humo ndani na wanawake walinitazama kwa huruma. Mimi nilikupa sharti moja. Siku bunduki moja tu itakapoonekana ina uhai, zote nane zinatoka kwa mlango uleule zilioingilia. Ukakubali. Sasa naona sharti hilo lilitugharimu.

Nilikuwa sijui kwa nini unazitaka mpaka ile Pasaka uliponieleza habari za mzee wako. Ulisema Wajerumani walimchukua pale Masasi akiwa kijana hajaoa, wakamtwisha sanduku la risasi, akalibeba mpaka wakavuka Ruvuma. Bunduki yenyewe hakuwahi kuishika. Aliogopa hata kupita karibu nayo. Alirudi nyumbani na shimo begani ambamo yai lingekaa bila kuanguka, na nyinyi watoto mlikuwa mnaliweka kweli hilo yai, mnacheka, naye anawaacha. Ulisema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza alibeba nini na kwa ajili ya nani. Wewe pia hukumwuliza, mpaka akafa. Ulikuwa unatazama nje dirishani uliponiambia hayo. Tangu siku ile sikukusumbua tena kuhusu chumba kile.

Kitu kimoja alichosimulia mwenyewe kilikuwa moshi. Baadhi ya askari walikuwa na bunduki kuukuu za Kijerumani, na kila ikipigwa linapanda wingu jeupe, basi adui anajua pa kulenga, na wapagazi ndio wanaokufa maana wao hawawezi kulala chini haraka na mzigo. Bunduki ya moshi. Uliitafuta miaka yote, wewe na shemeji Kauko, mwenzako wa kiwandani. Nilimwita shemeji kwa sababu ni rafiki yako, naye Mfini wa watu akadhani ni jina nililompa, akalipenda. Nilikuwa nawasikia mkiongea Kiswidi chenu cha kuvunjavunja. Yeye baba yake aliuawa na Warusi, na mwenyewe akaletwa huku Sweden akiwa na miaka minne, peke yake, na kipande cha karatasi chenye jina lake kimening'inia shingoni. Nilidhani mnakusanya vyuma. Mlikuwa mnakusanya baba zenu.

Halafu ukaja msimu ule wa baridi wa mwisho. Mama yako alifariki Desemba na hukuweza kwenda kumzika. Ukanyamaza. Ukirudi kazini unakaa na koti lako dirishani mpaka nikuite mara tatu. Nikakuambia tukaongee na mchungaji, ukasema umechoka tu. Februari, Jumanne, moyo wako ukasimama katika chumba cha kubadilishia nguo kiwandani. Kauko ndiye aliyekuja kugonga, amebeba mfuko wako na kile chombo chako cha chakula, bado kina wali. Alinipa mfuko.

Mazishi yalikuwa mazuri, wewe jua hilo. Walikuja kutoka Hallonbergen, walikuja kutoka Vårby gård, Wakristo na Waislamu, wakaimba kwa Kiswahili kati ya misonobari na theluji, na wafanyakazi wenzako Waswidi wakasimama vichwa wazi mpaka masikio yakawa mekundu.

Aprili nikaona siwezi kulipia fleti kubwa, na bunduki haziwezi kuhama nami kwenye vyumba viwili. Mama Achieng, yule Mkenya wa Vårby gård, alinishauri niziuze zote. Kauko akasema kabla hazijatoka lazima azikague moja moja, ndivyo inavyofanywa. Akaja na kijiti chembamba, akawa anakiingiza kwenye kila mtutu, kinagota, anaweka alama kwenye karatasi. Zikaisha nane. Ndipo mimi, katika kusogeza kabati, nikaiona ya tisa. Ilikuwa imesimama nyuma yake, imefungwa kwa blanketi la kijivu. Ndefu kuliko zote.

Kauko alipoifunua alitabasamu. Ni yenyewe, akasema, ile ya moshi. Akaingiza kijiti. Kikapita. Kikatokea upande wa pili, na yeye tabasamu likamtoka. Akaishika kuelekea dirishani, akachungulia, akanipa nichungulie, nikaona mwanga. Akasema, "Hii iko hai, shemeji."

Halafu akaona jambo jingine. Kile chuma cha nyuma kinachosukumwa na kuvutwa, kama komeo la mlango, hakikuwepo. Bila hicho haipigi. Lakini kikirudishwa, inapiga. Kwa hiyo mtu alikichomoa na kukiweka mahali. Kauko alisema huenda uliuziwa hivyo hivyo bila kujua. Nilitaka kuamini. Nikamwita Neema nikamwuliza kama aliwahi kuigusa bunduki ya nyuma ya kabati. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba hapana, kwa sababu baba alisema zile za ukutani zimekufa lakini hii imelala, na kitu kilicholala hakiguswi.

Basi ulijua.

Baba Neema, nisamehe kwa yaliyofuata. Nilikumbuka lile koti, lile dirisha, ule ukimya. Mtu mwenye bunduki iliyo hai, amemficha mkewe, na kipande cha kuikamilisha amekificha mahali pengine. Niliwaza kwamba moyo wako ulikuwahi tu, kwamba ulikuwa umeshapanga kutuacha kwa mkono wako mwenyewe. Sikumwambia Kauko. Sikumwambia Mama Achieng. Nilianza kutafuta hilo komeo. Nilitafuta kwenye unga, kwenye matandiko, kwenye stoo ya chini, ndani ya cherehani, ndani ya mwanasesere wa Neema niliyempasua tumbo na kumshona tena. Nilitaka nilipate, na niliogopa nikilipata nitakuta na risasi.

Mama Achieng, niliyemwambia habari ya bunduki tu, kwa kunipenda akaniambia niizamishe ziwani, akaondoka bila kungoja nijibu ili asije akajua nilichoamua. Nilifika mpaka ufukweni Mälarhöjden kupatazama. Watoto walikuwa wanajifunza kuendesha baiskeli pale. Nikarudi. Tumeishi nchi hii kwa karatasi safi, mimi na wewe, na mtoto wetu atabaki hapa. Kesho yake nikampigia simu Kauko, akaomba ruhusa kazini, akaniambia niiache bunduki nyumbani, twende polisi mikono mitupu tukawaeleze. Wakaja kuichukua wenyewe kwa gari.

Askari aliyeandika maelezo yangu ni mtu mzima, sauti ya chini. Aliuliza uliipata wapi, nikasema sijui. Aliuliza komeo liko wapi, nikasema sijui. Aliuliza kama ulikuwa na huzuni. Hapo Kauko akanigeukia. Nikasema ulikuwa umechoka. Yule askari aliacha kuandika, akaniambia mimi sina kosa na nisiishi kama mwenye kosa, ila watauliza kwa mafundi wa bunduki wa mjini kama kuna anayeifahamu.

Julai ikaingia, na unajua Julai hapa. Hakuna anayejibu barua, mji mzima uko kwenye nyumba za mashambani. Nilihama. Niliosha wazee, nikawalisha, nikarudi nyumbani, nikaja kaburini kwako na kunyamaza.

Katikati ya Agosti yule askari akapiga simu. Komeo limepatikana. Lilikuwa Aspudden, kwa fundi mmoja mzee anayeitwa Hedlund, ndani ya kopo la tumbaku lililoandikwa jina lako. Amerudi kutoka likizo, amesoma barua ya polisi, ameleta kopo mwenyewe. Askari akasema kama nataka naweza kwenda kumwona.

Nilikwenda na Kauko. Duka dogo, mzee mwenyewe masikio hayasikii vizuri, akatukalisha kwenye viti vya mbao, akasimulia kwa sauti kubwa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alisema ulimjia Ijumaa moja ya Februari, nje barafu, wewe unatoka jasho. Ulikuwa umeinunua asubuhi hiyo kwenye vitu vya marehemu mmoja, ukaambiwa imezibwa, ukaamini kwa furaha bila kukagua. Uligundua ukiwa njiani. Hukurudi nyumbani, ulikwenda moja kwa moja kwake. Lakini wezi walikuwa wamevunja duka lake wiki hiyo, mlango umeshikiliwa kwa misumari, na yeye hakuthubutu kulaza bunduki hai humo. Mkakubaliana aombe karatasi zinazotakiwa, urudi nayo Alhamisi ya wiki ya pili yake, aizibe.

Mzee Hedlund alisema ulilichomoa komeo palepale, ukamwekea mkononi. Nilimwomba anieleze ulivyosema, maneno yenyewe. Akafikiri.

"Alisema, nina mtoto mdogo nyumbani. Kaa nalo wewe. Likikaa kwangu sitalala."

Halafu akaongeza, kama kitu kidogo, kwamba uliomba ruhusa siku hiyo ya Alhamisi uje na binti yako. Ulitaka aone bunduki inavyozibwa, na wewe umweleze hapohapo habari za babu yake. Mzee mwenyewe alikuwa amemnunulia miwani ya kuzuia cheche, ndogo, ya saizi ya mtoto. Aliingoja Alhamisi hiyo. Hamkuja. Akadhani umebadili nia.

Kauko alitoka nje kuvuta sigara, naye havuti. Mimi nililia mbele ya mgeni bila aibu. Miezi minne nilikuwa namlilia mtu aliyetaka kufa, kumbe nilikuwa mke wa mtu aliyekuwa na miadi. Ulinificha kwa sababu ya sharti langu. Uliogopa nitazitoa zote, na kusema kweli ningezitoa, siku ileile, na hiyo ya mzee wako ikiwa ya kwanza.

Polisi wakatoa kibali izibwe. Nilichagua Alhamisi. Neema alivaa ile miwani, ikamkaa. Mzee Hedlund alitoboa mtutu, akasukuma chuma ndani, akawasha moto wa kuchomelea, na mtoto akanishika sketi lakini hakufumba macho. Nikamweleza habari za babu yake kwa Kiswahili, nilivyozipata kwako, sanduku, njia ndefu, Ruvuma, moshi. Nilisema taratibu ili nisikosee. Akauliza kwa Kiswidi kama babu alirudi nyumbani. Nikamwambia alirudi, ndiyo maana sisi tupo. Mzee Hedlund akapoza chuma kwa kitambaa, akachukua kijiti akampa Neema mwenyewe, akakiingiza. Kikagota.

Zile za Kirusi na za Kifini nimempa Kauko. Nyingine zimekwenda kwa wenzenu wa chama chenu cha wakusanyaji, na wameahidi kuziacha na maandishi yako. Hii moja nimebaki nayo, iko ukutani chumbani kwangu, na Mama Achieng akija bado anakaa kwenye kiti kilichoipa mgongo. Kauko amenifundisha mafuta gani na kiasi gani, tone moja kwenye chuma, mbao ipanguswe tu kwa kitambaa kikavu. Nakuahidi nitaifanya kazi hiyo kwa mikono yangu kila mwanzo wa mwezi, haitaota kutu, mpaka Neema afike umri wa kuamua mwenyewe aifanyie nini. Akiuliza tena, nitasimulia tena.

Jumapili tunakuja wote wawili. Safari hii utanisikia.

Sasa pumzika, baba wa mwanangu. Lile neno baya nililokuwazia nimelitoa moyoni, nimeliacha kule Aspudden kwenye sakafu ya duka.

Ni mimi niliyekushuku, ninayekujua,
Mama Neema