Kitabu Nilichokishona Vibaya

Jumapili, 4 Mei

Leo nimetukanwa redioni. Kwa sauti tamu, na mjukuu wangu mwenyewe.

Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyeniita. Bibi njoo, Chiriku wako anaongea. Chiriku ni jina nililompa mimi, maana tangu alipoota meno mdomo haujapumzika. Sasa ametoa kitabu, watu wanakisifu, anaulizwa ni vitabu gani vilivyomlea. Nikakaa juu ya furushi la vitambaa, nikasikiliza.

Akasema nyumbani kwetu hakukuwa na kitabu hata kimoja. Bibi yangu hakujua kusoma, akasema, ila alikuwa na moyo. Moyo! Hata kuku ana moyo, tena wake unalika.

Vitabu alipewa na Bwana Miwani, mkuu wa maktaba niliyokuwa nafagia mimi, eti. Mtu mwema, alimwona mtoto wa mfagiaji akamhurumia. Na huyo mzee wakampigia simu hapo hapo. Nikadhani atakana. Akakohoa, akasema, "Nilijua tangu zamani yule binti atafika mbali."

Alijua wapi? Hata jina la mtoto hakulijua. Mimi mwenyewe aliniita "we mama wa ndoo" miaka kumi na tisa.

Fundi akasema hongera bibi. Nikamwambia ashone.

Jumatatu, 5 Mei

Hasira ya jana imelala na mimi, imeamka na mimi. Niandike ilivyokuwa, daftari halina mdomo.

Kila mwaka maktaba ilitupa vitabu vilivyochakaa. Utaratibu ulikuwa huu: ng'oa jalada, jalada liende kwenye faili la wakaguzi, kiwiliwili kikachomwe shimoni nyuma. Kung'oa na kuchoma ni kazi yangu. Mwaka wa kwanza nilichoma vyote. Mwaka wa pili binti yangu akaniachia Chiriku, akaenda kutafuta maisha — bado anayatafuta. Mtoto anasoma mpaka karatasi ya sabuni. Nikaona nachoma chakula mbele ya mwenye njaa.

Ndoo ya deki. Kitabu chini, tambara juu. Kinene hakikuenea, nikakipasua katikati, nusu leo, nusu kesho. Nyumbani nikashona kwa uzi wa gunia, jalada nikakata boksi. Ndiyo maana hakuna kitabu chake chenye jina.

Alipouliza nani katupatia, nikasema Bwana Miwani. Ningesemaje? Kwa mdomo ule, ningemwambia bibi yako anaiba, kesho yake shule nzima ingejua na kazi ingekwisha. Kwa hiyo uongo niliutia mimi mwenyewe kinywani mwake. Nimekaangwa kwa mafuta yangu. Na kwa kuwa ni yangu, hayapunguzi kuunguza.

Jumatano, 7 Mei

Chiriku amepiga simu. Jumamosi kuna sherehe ya kitabu chake, maktaba ile ile. Bwana Miwani atapewa cheti na kiti cha mbele. Na mimi nina kiti cha mbele, upande wa familia. Nikamwuliza, na nani atafagia? Akacheka. Alidhani ni utani.

Kisha akasema kuna kimoja kati ya vile anakitafuta miaka na miaka. Kile cha mjane. Kilimpotea akihama bweni. Ameuliza maktaba, ameuliza walimu, hakuna anayekijua. "Bibi, kile ndicho kilichonifundisha kuandika. Jumamosi nitamwomba Mzee anitajie jina lake, mbele ya watu wote."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Bibi, upo?"

Nikasema nipo, sufuria inaungua. Hapakuwa na sufuria jikoni.

Kitabu hicho hakipo duniani. Nilikitengeneza mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Vilikuwa vitabu viwili, ukubwa mmoja, karatasi rangi moja. Vyote nilivipasua, nikavibeba nusu nusu. Herufi sikuzijua, namba nilizijua vizuri sana, nisidharauliwe. Nusu moja iliishia tisini na sita. Nusu nyingine ilianzia tisini na saba. Nikajisifu, nikashona. Kumbe vyote viwili vilikatikia pale pale. Namba zikapatana, habari zikaachana.

Kimoja kilikuwa cha mjane anayefukuzwa na shemeji yake. Kingine cha kufuga nyuki.

Chiriku alikuwa na miaka tisa. Akanifuata jikoni. Bibi, mjane katoka getini na godoro lake, halafu hayumo tena, wamekuja nyuki. Nikashikwa na aibu. Mtoto ananiuliza habari za ndani ya kitabu, na mimi ndani ya kitabu sijawahi kutia mguu. Nikamzaba kofi. Kitabu hakikosei, nikasema, unakosea wewe, rudi usome mpaka umwone.

Siku ya tatu akaja akasema amemwona. Pale nyuki wanapoanza imeandikwa: ukimtoa malkia, mzinga hunyamaza kutwa, kisha huanza kunguruma. Mjane ndiye malkia, Bibi, na ile nyumba ndiyo inayonguruma. Nikasema, si nilikwambia? Nilimwambia nini mimi.

Nusu zilizobaki nilizishona pia. Hicho kinaanza na mbao na misumari ya mizinga, Chiriku hakukipenda hata siku moja. Kikawa kizibo cha dirisha la jikoni, upepo usilibamize.

Nilipoacha kazi nikaingia darasa la watu wazima. Nikajifunza kusoma kwa kidole, wenzangu wakicheka. Siku moja nikakichomoa dirishani. Wiki mbili nakisoma. Yule mjane anarudi na godoro lake, anapiga magoti, anaolewa na shemeji yule yule, anapewa chumba cha uani. Basi. Nilimtukana mwandishi mpaka fundi akabisha hodi kuuliza nagombana na nani.

Miaka sita najua. Sijasema. Nikisema, nimesema matatu: niliiba, nilishona nisichoweza kukisoma, na nilimpiga mtoto aliyekuwa sahihi. La tatu ndilo halipiti kooni. Nisiposema, Jumamosi yule mzee atabuni jina lolote, na Chiriku atalitafuta mpaka azeeke.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga pasi gauni. Nimelikunja. Nimelipiga tena.

Nikamwuliza fundi: ukishona mikono ya gauni hili kwenye gauni lile, na mvaaji akapendeza, utasema?

"Bibi, mteja akipendeza mimi nakula sifa kimya kimya."

Na akisifiwa fundi mwingine?

Akauma sindano, akafikiri. "Hapo nitaenda hata kama sijaalikwa."

Mjinga, lakini si mjinga wa kila siku.

Jumamosi, 10 Mei

Saa tatu asubuhi. Gari limekuja mapema. Chiriku ameingia peke yake, Bwana Miwani amebaki garini, eti magoti.

"Bibi, mbona hujavaa viatu?"

Nikamwambia kaa. Nikachomoa kitabu dirishani, nikamwekea mapajani. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu juzi, yote yamekimbia. Nimekaa mezani naandika ili mikono ipate kazi.

Kwanza amepapasa uzi wa gunia. Kwa kidole, fundo moja moja, kama mtu anayehesabu mbavu za mgonjwa. Kisha amefungua katikati. Tisini na saba. Midomo inamcheza kama alipokuwa mdogo.

Dirisha linajibamiza. Hakuna anayelishika.

"Bibi." Hajainua kichwa. "Hivi vyote alishona nani?"

Nikasema, mama wa ndoo.

Amenyamaza. Chiriku, kunyamaza. Ameruka mpaka kurasa za mwisho, tabia yake ile ile. Sijui uso wake unasema nini, ameinama mno. Mkono mmoja ameuweka shavuni. Shavu lile lile.

Dereva amepiga honi mara mbili. Sasa mlango unagongwa. Ni Bwana Miwani mwenyewe, ameshuka na magoti yake. "Mama, tunachelewa. Watu wanatusubiri."

Nimetaka kuinuka nikafungue, miaka kumi na tisa si mchezo, miguu bado inamtii. Chiriku ameinua kidole bila kutazama mlango. Asubiri. Amebakiza kurasa nne.