Mpangaji wa shingoni

Shoga, umekaa? Kaa kwanza.

Majibu ya ule uvimbe wa shingoni yametoka. Ule mpole, uliouita wewe mwenyewe mpangaji, maana umekaa miaka na haumsumbui mtu.

Walipoupasua wamekuta saratani ndani. Tena si yake! Ni ile ile ya titi, niliyoambiwa imekwisha. Imetoka huko, ikaenda kujibanza ndani ya uvimbe mwingine. Yaani mpangaji wangu naye kapangisha chumba!

Na daktari anacheka. Anacheka, shoga! "Bibi, hili ni nadra sana, wengi wetu tutastaafu hatujaliona." Akaita wenzake, chumba kikajaa, wote wananikodolea shingo kama bibi harusi. Mmoja akanipa hongera. Hongera!

Binti yangu analia pembeni, hakuna anayemtazama.

Nikawaambia, "Wanangu, wapangaji mmewaona. Na mwenye nyumba je, atapona?"

Wote wakatazama viatu.

Ndipo daktari akavuta kiti, akanishika mkono. Kasema kuimaliza haitawezekana, ila dawa yaweza kuituliza. Kumbe kuongea na mtu anajua!

Jumatatu naanza dripu. Unisindikize wewe, binti abaki na wajukuu. Ukilia nakufukuza.

Na uniletee kile kilemba chako chekundu, ulichoninyima nywele ziliponitoka mara ya kwanza. Safari hii huna ujanja. Mimi sasa ni nadra.