Kwa Nini Sikufika Kumzika Mzee

Umoja, Nairobi

Mama mpendwa,

Natangaza rasmi kwamba leo asubuhi, mbele ya majirani wawili na paka mmoja, antena ya nyumba hii imeshushwa kutoka paani. Hakuna hotuba iliyotolewa.

Mama, hujambo? Kifua kimetulia? Usingizi unaupata? Sisi huku miili ni mizima. Mengine tuyaache kwanza.

Najua huko wanasema nilikataa kuja kumzika baba yangu. Wengine eti nilikuwa nimelewa. Afadhali ningekuwa nimelewa. Nilikuwa jela, Mama, kwa sababu ya televisheni.

Habari za msiba zilipofika, watu wetu walianza kukusanyika kwangu kila jioni, kuomba na kuchanga. Televisheni tuliifunika shuka kwa heshima ya mzee. Jioni moja wakaingia mabwana wawili wenye makoti. Tukawainukia, tukawapa viti vya mbele na chai. Kikapu kilipopita, mmoja wao akatia noti. Kisha Baba Jairo, mwenyekiti wetu, akasema kama ilivyo kawaida ya matanga, "Sasa wageni wetu wajitambulishe, watuambie walimjuaje marehemu."

Wakatazamana. Yule aliyechanga akasimama, kofia mkononi. "Poleni sana. Sisi ni wakaguzi wa leseni za televisheni. Tuliona antena."

Watu wakaitikia kwa pamoja, "Karibuni!" Mazoea, Mama.

Leseni sikuwa nayo. Kortini hakimu akasema faini, au mwezi mmoja ndani. Mchango wa mazishi ungetosha. Mke wangu akaja nao kwenye bahasha, analia. "Lipa twende, Baba Nekesa. Mzee ataelewa."

Nikamwambia, "Hizo ni za sanduku. Zipeleke nyumbani." Ndiyo maana ulimwona amekuja peke yake, na hakukwambia kitu kwa sababu nilimkataza.

Ndani nililala kando ya mwizi wa kuku. Askari alipotuita "nyinyi wezi wawili," mwenzangu aliudhika kabisa. "Afande, usinichanganye na huyu. Mimi nilichukua kitu."

Nimewaza sana, Mama. Mtu asipolipa kodi ya nyumba, anadaiwa. Hii nayo ingekuwa deni tu. Wangenitoza faini, wangebeba hata televisheni yenyewe, lakini mimi wangeniacha nipande basi. Hapa mtaani wanasema sheria itabadilishwa iwe hivyo, mtu adaiwe, asifungwe. Ikibadilishwa nitafurahi kwa ajili ya watu wengine.

Nisalimie shangazi wa kibanda cha samaki, na mjomba katekista aliyeongoza ibada. Msalimie pia Simiyu, mdogo wangu, aliyesimama mahali pangu. Mwambie sina kinyongo naye hata kidogo.

Nilitaka kuja mwisho wa mwezi nitupe udongo wangu kaburini, ijapokuwa nimechelewa, kama inavyompasa mtoto wa kwanza. Nilimwandikia Simiyu awaulize wazee kama inaruhusiwa. Jibu lake lilifika jana. Wazee wamekubali, anasema, ila kaburi limeshatiwa saruji.

Mwanao,
Wafula