Mdogo Wangu Alitoboa Ukuta wa Handaki la Baba

Mshauri wangu mpendwa, salamu nitakupa siku nyingine, leo naomba msaada tu, maana nina hasira na mdogo wangu wa tumbo moja, na nisipopata mtu wa nje wa kuniambia nani kati yetu ana haki, nitamfuta kabisa kwenye kazi yetu na pengine kwenye maisha yangu.

Mimi kazi yangu ni kukata na kufunga lenzi kwenye duka la miwani, lakini nikirudi nyumbani natengeneza mchezo wa kompyuta, usinicheke, ni ile michezo ambayo mchezaji anakuwa shujaa mwenye upanga, anazunguka nchi ya kubuni, anaongea na watu, anaingia mahandaki ya chini ya ardhi, anapigana na madude na kufumbua mafumbo ili milango ifunguke, na sisi tunaoitengeneza kwa mapenzi tu, bila kampuni wala mshahara, tuna jukwaa letu mtandaoni ambako kila mmoja anaweka mchezo wake na wenzake wanaucheza na kumwandikia maoni. Mimi natunga hadithi na kujenga mahandaki, mdogo wangu anachora, anatengeneza muziki, na yeye ndiye anayeupandisha mchezo jukwaani, na tumefanya hivyo tangu yuko shule, chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana, waya zimetapakaa sakafuni mpaka mama akawa anatuita buibui.

Sasa kuna handaki la tatu. Baba yetu alikuwa fundi wa cherehani, na alifariki mimi nikiwa nimeshakuwa mvulana wa kushika bisibisi, mdogo wangu bado ananyonya, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa na baba kwenye karakana yake, nikimpa vifaa, nikimtazama anavyofungua cherehani za watu kwa mpangilio wake ambao hakuuvunja hata mteja awe na haraka vipi, kwanza sindano, maana alisema huwezi kuzungumza na mtu aliyeshika kisu, kisha mkanda, kisha bobini yenye uzi wa chini, kisha kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, na gurudumu la mwisho kabisa. Mafundi wengine walikuwa na mpangilio wao, huu ulikuwa wa kwake. Basi nikajenga handaki zima mfano wa karakana ya jitu, na mwisho wake nikaweka mlango wenye mikono mitano ya chuma, kila mkono una picha ya kifaa kimoja, ukiivuta kwa mpangilio wa baba mlango unafunguka, ukikosea sakafu inaporomoka na unarudi mwanzo wa handaki upigane na popo upya. Kidokezo sikuweka, niliona kuweka kidokezo ni kumdhalilisha mzee.

Tulipoutoa mchezo, maoni yakaanza kuingia na yote yakaangukia handaki hilo, na mmoja anayejiita Kobe Mkavu, ambaye anaheshimika sana jukwaani kwa kuwa hucheza michezo ya kila mtu mpaka mwisho, akaandika hivi: "Mtunzi, hili si fumbo, ni kubahatisha. Nimerudi mwanzo mpaka popo wako wamenizoea, na hakuna hata mahali pa kuhifadhi mchezo kabla ya mlango ili niendelee nilipoishia. Unachokijua wewe, sisi tutakijuaje?" Wakamfuata wengine kama nzi, muuguzi mmoja anayecheza wakati wa mapumziko akasema ameuacha kwa uchungu kwa sababu hadithi ilikuwa imemshika, na mimi nikawajibu wote, Kobe nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama, muuguzi nikamwambia kama anataka rahisi akacheze karata, kwa sababu nilisikia kama watu wanamkanyaga baba yangu na viatu. Mdogo wangu akashauri tuchore japo picha moja ukutani ya kuwasaidia, nikakataa. Akaniuliza basi mpangilio wenyewe ukoje, nikamwambia mtoto wa fundi haulizi, atafute mwenyewe, akacheka, nami nikacheka, yakaisha.

Baadaye maoni yakageuka. Watu wakaanza kusifu, wakamaliza mchezo, wakaambiana, na mimi nilikuwa nazisoma zile sifa dukani nikitabasamu peke yangu mpaka mteja mmoja akaniuliza lenzi zake zina nini cha kuchekesha, na nikajisemea chema chajiuza, kumbe walikuwa wanahitaji muda tu. Hata Kobe Mkavu akaandika kwamba mtunzi amejifunza kusikiliza, nikashangaa nimesikiliza nini, lakini sifa ni tamu, nikameza. Halafu yule muuguzi akarudi, akaandika kwamba handaki la tatu sasa limekuwa fupi na zuri, amelimaliza akisubiri maji ya chai yachemke. Fupi? Handaki langu linamla mtu mwerevu mchana kutwa.

Nikaufungua mchezo kama mchezaji wa kawaida, nikaingia, na nyuma ya rafu ya vibiringo vya uzi nikakuta ufa ukutani, ukiugusa unaingia kwenye njia nyembamba yenye taa nzuri na muziki ambao sijawahi kuusikia, na unatokea upande wa pili wa mlango bila kugusa mkono hata mmoja. Wote walipita humo. Hakuna hata mtu mmoja kati ya walionisifu aliyefungua mlango wa baba, nilisifiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona, na aliyefanya hivyo ni yule ninayeketi naye uso kwa uso kila jioni.

Nilimwita mbele ya mama, nikamuuliza, naye hakukana, alisema tu, "Kaka, watu walikuwa wanaondoka. Na hata mimi nilichoka kusimama pale mlangoni." Nikamwambia ameniibia baba, ameniibia mbele ya watu, na kama kazi ni ngumu angesema tangu mwanzo nikatafuta mchoraji mwenye moyo. Alichomoa waya zake, akaifunga kompyuta kwenye shuka, akahamia kwa mama mdogo, na mama tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kuniangalia, ananiambia nikamrudishe mwanawe, nami namwambia kikulacho ki nguoni mwako, sasa nimrudishe ili anile tena?

Kuna mchoraji mwingine jukwaani yuko tayari kufanya kazi nami. Naomba uniambie, nizibe ule ukuta, nifute jina la mdogo wangu, nianze upya na mtu mwaminifu, au nimsamehe na nibaki mjinga anayepongezwa kwa handaki ambalo watu hulikwepa?

Mwenye Handaki


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Handaki, nianze na sifa kidogo, maana zitakwisha haraka. Kumkumbuka mzazi kwa kazi ya mikono yake ni jambo jema, na ningekuwa baba yako ningefurahi. Sifa zimeishia hapo.

Mimi michezo ya kompyuta siijui. Karata naicheza, na hata hapo wajukuu wananificha jokeri. Kwa hiyo barua yako nilimpa kijana anayepanga kurasa za gazeti letu, ambaye anaicheza hiyo michezo kiasi cha kuchelewa kazini, akanieleza kila kitu. Aliposoma kuhusu popo alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za msiba. Ameniambia Kobe Mkavu ana haki neno kwa neno, na nimeamua kumwamini.

Hao watu unaowaita nzi hukuwalipa. Walikaa kwenye handaki lako, wakaanguka, wakarudi, wakaanguka tena, halafu badala ya kukutukana wakakaa chini wakakuandikia wapi panauma. Huyo muuguzi alikuwa na muda wa kula tu, akakupa wewe. Ukamtuma akacheze karata. Sasa niambie, mteja akirudi dukani kwako akasema kwa miwani uliyomfungia haoni kitu, nawe unamjibu mwenye macho haambiwi tazama? Ungefukuzwa kazi kabla ya saa sita. Lakini kwa kuwa huku ni kwenye mapenzi yako na hakuna bosi, umejipa ruhusa ya kuwa na kiburi. Wewe hukutaka maoni. Ulitaka makofi, na ulipopigiwa makofi hukuuliza yametoka wapi, hata Kobe alipokwambia wazi kwamba kuna kitu kimebadilika. Ulimeza, umesema mwenyewe.

Mdogo wako naye amekosea, simtetei. Kutoboa ukuta kimya kimya na kukuacha usifiwe kwa uongo ni jambo la aibu. Mficha uchi hazai. Angekwambia usoni, mkagombana, mkanuniana siku chache, yangeisha. Hilo akilisoma hapa alichukue.

Ila nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kuna mahali umepapita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Umesema baba yenu alipofariki mdogo wako alikuwa ananyonya. Umesema alikuuliza mpangilio ukoje. Umesema ulimjibu mtoto wa fundi haulizi, akacheka. Halafu, mbele ya mama yenu, akakwambia hata yeye alichoka kusimama pale mlangoni, nawe ukasikia mvivu anayelalamika.

Mwanangu, huyo hakuwa analalamika. Alikuwa anakwambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuupita.

Atapitaje? Nani alimwonyesha? Bisibisi ulishika wewe. Maneno ya sindano na kisu uliambiwa wewe. Umejenga fumbo ambalo jibu lake ni baba, halafu mtu wa kwanza kumweka mbele yake ni mtoto pekee wa baba huyo asiyeweza kulijua jibu. Alipoinua kichwa akakuuliza, ukamwambia kwa maneno mazuri tu kwamba mtoto wa kweli angejua. Kucheka alicheka, ndiyo. Ulitaka afanye nini?

Na kuna jambo kijana wetu wa kurasa amenieleza ambalo limeninyima raha. Anasema mtu anayetengeneza mchezo anaweza kufungua mafaili na kulisoma jibu la fumbo lolote mara moja. Mdogo wako ndiye anayeupandisha mchezo, alikuwa na kila faili mkononi. Kama alikuwa na uwezo wa kutoboa ukuta, alikuwa na uwezo wa kusoma mpangilio. Huenda alisoma, mimi na wewe hatujui. Lakini kama alisoma, kwa nini alikuuliza? Mimi nadhani alitaka kuambiwa na wewe. Alitaka umketishe umwambie baba alikuwa anaanza na hiki, kwa sababu hii, akisema hivi. Hukumwambia, akajitengenezea njia ya kupita, akaiwekea taa na muziki wake mwenyewe. Wewe umeona wizi. Umemwambia amekuibia baba. Yeye alikuwa na baba gani hata akaibe wa kwako?

Hayo ni makali, najua. Uliniomba nikwambie nani ana haki.

Sasa fanya hivi. Ukuta usiuguse. Huyo mchoraji mwingine mwandikie leo kwamba nafasi haipo, na jina la mdogo wako libaki palepale. Kobe na muuguzi waombe radhi, mstari mmoja mmoja unatosha, usianze kujieleza. Mahali pa kuhifadhi mchezo kabla ya mlango paweke, kijana wetu amenisihi nisisahau hilo. Kuhusu kidokezo usiamue peke yako, maana hilo handaki lina wenye wawili, na mmoja wao hajawahi kuulizwa.

Kisha nenda kwa mama mdogo. Usiende na kompyuta, usiende na mama yako akusemee, na usianze kwa kusema umekuja kumsamehe, maana hapo utafukuzwa na mimi nitashangilia. Azima cherehani kuukuu kwa mtu, ipo tu, uiweke mezani, umwambie mdogo wako unataka kumwonyesha jinsi baba yenu alivyokuwa anafanya kazi. Ifungue mbele yake taratibu. Kila kifaa kikitoka mwambie baba alikuwa anasema nini, alikuwa anakaaje, alikuwa anaimba au alikuwa ananuna, alikugombeza kwa lipi. Akiuliza, mjibu. Akiuliza tena lilelile, mjibu tena. Usimtahini.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Meza yake inaweza kubaki tupu, na huyo mtoto aliyekaa miaka yote anakutazama usoni akisubiri umsimulie anaweza kuwa ameshachoka kweli. Akikataa kutoka chumbani, usigombe. Kaa sebuleni, umsimulie mama mdogo, kwa sauti, yote, mpaka gurudumu litoke, huku mlango wa chumba ukiwa umefungwa na mwenyewe yuko ndani anasikia. Ukimaliza, aga, urudi nyumbani kwako, wala usiulize kama amesikia.