Msiba wa Shuka za Moto

Shoga, dada yangu kazua msiba hospitalini! Msiba, nakwambia!

Si unajua kazi yake ni kufua? Leo katoa shuka kwenye mashine ya kukaushia, za moto, kazirundika kwenye kitanda cha magurudumu, kisha kazilalia kifudifudi. Kafumba macho. “Aaah, jamani!”

Mzee mmoja akipita akadhani analilia maiti. Akavua kofia, machozi hayo! “Pole mwanangu. Alikuwa nani wako?”

Dada akaona haya kusema ni shuka. Akajibu, “Shangazi.” SHANGAZI!

Mara matroni huyu hapa: “Kafa nani?”

“Hakuna, matroni. Ni shuka tu. Zina joto tamu.”

Matroni akagusa. Akaweka na shavu. Naye akafumba macho.

Mzee akajifuta machozi: “Basi sogeeni, na mimi nimuage.”