Majibu ya Wangari Mdogo

Mama,

Juzi jina lako liliitwa hospitali huku Nakuru. "Wangari!" Baba akasimama haraka, kofia mkononi, vile alivyokuwa akisimama tukikuleta kliniki. Halafu akakumbuka. Akamwangalia mtoto wangu, huyu tuliyempa jina lako, akamshika mkono tukaingia.

Tulikuwa tumeenda kuchukua majibu yake. Tangu utuache hajaongeza neno. Ana miaka mitano, na ukimwita hageuki. Nikiwa kazini anakaa na Baba kule shambani Kabazi, na Baba alikuwa ameanza kumwita mkaidi. Anapaza sauti, mtoto anaziba masikio, anajificha nyuma ya tangi la maji. Sina mwingine wa kunichungia mtoto, Mama, na kumwacha hivyo singeweza tena. Ndiyo nikamwomba daktari wa saikolojia aliyempima amweleze Baba mwenyewe, nikiwa hapo.

Asubuhi hiyo Tata Njoki, dada yako, alikuwa amenipigia simu. "Usikubali jina la dada yangu liandikiwe ugonjwa!" Nikamwambia, Tata, jina haliumii. Anayeumia ni mtoto.

Baba hakungoja hata tukae vizuri. "Daktari, amepita? Amekuwa namba ngapi?"

Ungecheka wewe. Daktari hakucheka. Alisema huu si mtihani, hakuna kupita wala kuanguka. Akamuuliza kwanza, "Mzee, mkiwa shambani anapenda nini?" Baba akasema hupanga viazi kwa ukubwa bila kutumwa, na ukitoa kimoja, utajua hujui. Daktari akasema hata akicheza naye aliona hivyo. Ndipo akatuambia, polepole: Wangari ana usonji. Kusikia anasikia, lakini kelele na maneno mengi humjia yote kwa pamoja, yakamlemea. Mwendeeni karibu, awaone, mseme neno moja, halafu mngoje. Na aanze kufunzwa kuongea na mtaalamu.

Baba akauliza kama atapona. Daktari hakumficha. Alisema hili si la kupona, ni la kumjua, na akijulikana atajifunza mengi.

Baba akazungusha kofia, akazungusha. "Na mimi nampigia kelele," akasema. Kisha, kama anaongea na ukuta: "Cucu yake alikuwa anamngoja."

Kweli ulikuwa unamngoja. Ukiambua minji pale mlangoni, unamwita mara moja tu, sisi tunasema hasikii huyu, na wewe, "Mwacheni, anakuja." Na alikuwa anakuja. Analaza kichwa kwa paja lako, maganda yanamwagika.

Jumamosi nilienda Kabazi. Baba hakuita kutoka kwa geti. Alitembea hadi kwa tangi, akachuchumaa kwenye matope na magoti yake yale mabovu. "Wangari." Akangoja. Nilitaka kumsaidia kuita, nikajizuia. Chai ilipoa. Halafu mtoto akatoka, hakumwangalia, akamwekea kiazi mkononi.

Mama, Tata bado amenuna. Kanisani pia wataniuliza. Nakuahidi nitawaambia, huyu ni Wangari, ana usonji. Nitataja jina lako na hilo neno pamoja, na sauti sitaishusha.

Pumzika, Mama. Tunamngoja.

Anakuja.

Mtoto wako,
Wairimu