Kibati cha Mama Dolatbai

Gongoni, Tabora
Jumapili jioni

Kaka yangu Ezekia,

Shikamoo. Kabla ya yote nawaulizia wewe, wifi Julieth na watoto. Yule mdogo kifua chake kimetulia? Mwanza na baridi yake ya ziwani asiachwe kifua wazi. Huku sisi tunapumua, Mungu hajatutupa. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Siku hizi anafika kanisani mwenyewe, na akirudi anatusimulia nani kavaa nini kuliko mahubiri yalisema nini.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yako kila nikianza jambo refu mtandao unakatika, na unakatika haraka zaidi nikitaja karakana ya Baba. Karatasi haikatiki. Kaa chini uisome yote.

Mwenye nyumba wetu, Bwana Aly, anataka kuezua paa la vyumba vya mbele kabla mvua hazijaanza. Hana ubaya, alinifuata mwenyewe akanieleza kwa upole. Ila imenibidi nihamishe kila kitu, pamoja na rafu ya wasiorudi. Ulikuwa ukiicheka rafu ile, ukisema Baba anafuga vyuma vya watu. Lakini desturi yake unaijua kama mimi. Mteja akiacha cherehani hakupewa risiti. Baba alichukua msumari, akakwaruza mstari mmoja uliopinda, unaoanzia kwenye mwili wa cherehani na kuishia kwenye kile kibati kinachofunika bobini. Kisha alichomoa kibati akampa mteja aende nacho. Siku ya kurudi kinapachikwa. Mstari ukiungana, aliyekileta anachukua mali, awe mwenyewe, mwanawe au jirani yake, na haulizwi swali. Ambaye hakurudi, cherehani yake ilitiwa mafuta ikangoja. Baba hakuuza hata moja mpaka anaingia kaburini.

Nilipokuambia habari ya paa, uliniambia nisihangaike, una mtu wako wa hoteli huko Mwanza anayetafuta cherehani za zamani za kupamba ukumbi. Ukasema nyingine si lazima, nikutumie kwanza ile ya Mama Dolatbai, yule Mhindi mke wa tajiri, yenye tausi wa dhahabu ubavuni. Kaka, unavyonijua mimi mtu akinisalimia mara mbili najiuliza anataka nini. Cherehani ile Baba aliifunga turubai na kuishona kwa kamba kabla hajaugua, na wewe uliwahi kuniapia kwamba rafu ile hukuigusa. Nilipokata kamba nikamkuta tausi kweli, anang'aa. Nikajiambia labda Baba alikusimulia. Nikaliweka jambo hilo pembeni, lakini halikukaa pembeni.

Nilimkodi kijana wa kipaza sauti apite na pikipiki sokoni, Gongoni yote mpaka Itetemia, atangaze kwamba wenye vibati waje. Walikuja watu wa kila namna! Mmoja alileta kifuniko cha kopo la samaki alichokikata kwa mkasi, akaapa ni kibati cha marehemu shangazi yake. Bado kilikuwa na picha ya mkia wa samaki. Lugembe, fundi wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaja mwanamke wa makamo, jina lake Mhoja, kutoka Itetemia. Tukasalimiana mwangaluka, akafungua pindo la khanga akatoa kibati. Nilipokipachika kwenye cherehani ya Mama Dolatbai, mstari uliungana kama haujawahi kukatwa. Kwa desturi ningempa hapo hapo. Sikumpa. Nilimtazama miguuni, kandambili zimekwisha, nikajiuliza amekipata wapi kibati cha mke wa tajiri. Na mwenendo wake ulinitia shaka zaidi: muda wote nilipokuwa nakipachika alikuwa ameshikilia ncha yake, hataki kukiachia, na macho yake hayatoki kwenye mlango wa chumba cha ndani. Aliniuliza kama yule mwanamume yumo. Nikadhani anamwulizia mwenzake waliyepanga naye hila. Nikamwambia arudi Ijumaa, akaondoka bila kubisha. Hilo nalo lilinitia shaka, maana mwenye haki hubisha.

Siku zote hizo nilimtazama Lugembe kwa jicho baya. Mwanamume gani mwingine yumo karakana? Nilianza kuhesabu bisibisi zake kila anapotoka, maskini, naye akadhani nimemchoka.

Kabla Ijumaa haijafika nikaenda kwa Mzee Popatlal, pale dukani kwake, kwa kuwa alikuwa jirani wa Mama Dolatbai ukuta kwa ukuta. Alinisikiliza huku anakunja vitambaa, kisha akanigombeza kama mwanawe. Alisema Mhoja alimwogesha na kumlisha Mama Dolatbai miaka yake yote ya ugonjwa, na kushona alijifunza kwenye cherehani hiyo hiyo. Mtoto wa Mama Dolatbai alipokuja ghafla kumchukua kumpeleka Dar, cherehani ilikuwa kwetu matengenezoni. Basi mama yule akamshika Mhoja mkono mbele ya Popatlal, akamwekea kibati kiganjani, akamwambia akaichukue, ni yake, afungue biashara yake. Mzee akaniuliza kwa hasira tangu lini karakana ya Ngollo inauliza maswali. Halafu akashangaa: mbona Mhoja alikwenda kuichukua wiki ile ile, akarudi analia kwamba kibati kimekataa?

Nilitoka pale nikashika njia ya Itetemia. Kibati hakikukataa. Nilikipachika mimi kwa mkono wangu.

Nikafika Itetemia kwa Mhoja. Nilimkuta kizingitini anashona sare ya shule kwa mkono, sindano na uzi, vidole vimejaa matundu. Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu. Nilimwomba anisimulie. Akasema alikwenda karakana wakati fundi mkubwa kalazwa. Alimkuta mwanamume mezani, akampa kibati. Yule bwana alifungua kamba za turubai, akapachika, akainama akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema hakiingiliani, akataka kukitia mfukoni. Mhoja akakamata ncha, wakavutana, mpaka akaingia mteja mwingine ndipo yule bwana akakiachia. Akamwambia akionekana tena Gongoni ataitiwa polisi kwa kumwibia Mhindi wake. Mhoja hajui kusoma polisi wanaandika nini, Kaka. Aliogopa. Mama Dolatbai alipopiga simu kutoka Dar kuuliza kama anashona, alimjibu kwamba anashona vizuri. Mama yule amefariki akiamini hivyo. Na mwanamke huyu ameshonea watu kwa mkono mpaka macho yameanza kumsumbua.

Nilimtaja Lugembe. Akatikisa kichwa. Alisema yule bwana alishika bisibisi kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mkono huo hakina ukucha.

Sikumwuliza zaidi. Nilikuwepo siku nyundo ya Baba ilipokutoa ukucha ule. Mimi ndiye niliyekufunga kitambaa, nikalia kuliko wewe.

Nilikuwa hospitali namgeuza Baba kitandani, wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chake. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna aliyekuja na kibati, na mimi nikikuuliza ulinijibu hakuna, nami nikampelekea jibu lako. Nina hasira na wewe, Kaka. Nina hasira mpaka nikishika sindano naivunja. Na nina aibu pia, kwa kuwa mimi nami nilimtazama kandambili badala ya kuutazama mstari.

Mwambie mtu wako wa hoteli atafute pambo jingine. Tausi yuko Itetemia. Tulimpakia kwenye guta la magurudumu matatu mimi na Lugembe, ambaye nimemwomba radhi naye amekubali huku anaendelea kunisema. Mhoja aliizunguka cherehani bila kuigusa, kisha akachomeka kibati mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mstari, mara akarudia tena. Hakutushukuru. Akaketi akashona.

Sasa la mwisho. Ile cherehani ya Baba mwenyewe, aliyotufundishia sote, alisema ni yako wewe mtoto wake wa kwanza. Msibani hukuichukua, ukasema utaifuata. Jana nimeitia mafuta, nimekwaruza mstari kwa msumari wake, nimechomoa kibati. Utakikuta ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwenye kitambaa kisikukate. Cherehani nimeiweka kwenye rafu ya wasiorudi, peke yake, maana hizo nyingine nimezihifadhi kwa Popatlal.

Ukija Tabora, pitia kwanza Itetemia. Mwambie Mhoja kwa mdomo wako kwamba siku ile mstari uliungana. Kisha njoo karakana na kibati. Mimi sitakuuliza swali.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na amekuwekea asali mbichi kwenye chupa, anasema usiinunue huko, huko wanachanganya na sukari. Lugembe naye anakusalimu. Wabusu watoto, na wifi mpe mkono wangu.

Na ukichelewa, Kaka, usihofu. Unajua hapa mali ya mtu haiuzwi.

Ni mimi mdogo wako,
Jenifa Ngollo